Risasi ya Ishirini

Risasi ya ishirini aliyojaza ilikuwa nyepesi kama ganda la njugu. Laban akaitingisha. Hakuna baruti ndani, na ile aliyopimiwa, ya risasi ishirini kamili, ilikuwa imeisha. Basi kuna moja kwa zile kumi na tisa imekula baruti mara mbili, na hiyo hupasua bunduki usoni mwa mtu.

Ni ile simu ya asubuhi. Alikuwa anajaza huku akimringia mathake, mamake kule Kenya.

"Yalla, twende, Laban!" Baba, vile wafanyakazi wote walimwita mdosi wao Mwarabu, aliita kutoka kwa Land Cruiser nje ya gereji. "Leo binti yangu anapiga risasi zako. Nimemwambia dereva wetu ana mkono safi."

Laban akabeba boksi la risasi mpaka kwa gari. Binti akalishika, akalivuta huku anacheka.

"Baba," Laban akasema, bila kuliachilia.