Somo la Kuteleza

Gari liligoma kuteleza.

Franck alilitupa kwenye kona kwa nguvu zote. Matope mekundu yakaruka hadi juu ya paa, mkia ukaanza kuchomoka, raha ikampanda kifuani, kisha ghafla gurudumu moja likashikwa, nguvu ya injini ikakatwa, taa ya njano ikakonyezakonyeza, na gari likanyooka lenyewe kama mtoto aliyevutwa sikio.

"Aka! Nilibonyeza butoni, Komanda! Nilizima!"

"Uliigusa tu," akasema Komanda pembeni yake, mbavu hana kwa kucheka. "Ukigusa, inakuachia magurudumu ya nyuma yacheze kidogo. Ukiongeza mwendo, huyu mulinzi wa gari, mwenye kukata nguvu ukiteleza, anarudia kazi yake. Kama unataka alale kabisa, simama, ushikilie kidole mpaka taa ibakie palepale. Haya, tena!"

Mji wa Kindu mzima haukuwa na mikono kama ya Komanda. Jina lenyewe lilitoka vitani. Askari wa kizuizi kimoja walipiga kelele "simama!", na pikapu iliyojaa wagonjwa ikawapita ubavuubavu kwenye matope, mkia ukitaka kutangulia kichwa. Askari wakabaki midomo wazi. Dereva wa namna ile, wakasema, lazima awe komanda. Jina likaganda hadi leo, na nani angethubutu kulibandua?

Franck naye, dereva mgeni mjini, hakuja uwanjani kwa mchezo. Alikuwa anamtaka Bénie, anamtaka mpaka usingizi unamkimbia. Tatizo ni mama yake Bénie. Barabara ya Kampene ilimmeza mumewe miaka ya vita, na mama akaapa: hatoi binti kwa dereva mwingine wa barabara ile, mpaka Komanda atamke kwamba kijana anayajua matope. Bénie ndiye aliyeleta ujumbe huo, na ndiye aliyempeleka kwa Komanda. Ila kila Franck alipomsimulia masomo yake, binti aliziba mdomo kwa kitenge na mabega yakamtikisika. Franck hakumwelewa. Mapenzi yana vituko vyake, bwana.

"Na huyo mama, unamuona namna gani?" Komanda aliuliza siku hiyo, walipopumzika kula. Samaki mmoja, chikwangue moja ya muhogo, jani moja magotini mwao, mkono wa huyu ukigongana na wa yule.

"Kumuona? Mukwe wangu huyo, ni mwiko! Tangu niseme nia yangu, nikisikia tu anakuja, ninaruka kwa mufereji. Juzi niliingia mu nyumba ya kuku. Uso wake siujui, sauti yake siijui. Ninajua kisigino tu."

Komanda alipaliwa na mwiba, au na kitu kingine. Franck alimpigapiga mgongo.

"Kisigino kiko namna gani?"

"Kikali! Wanasema yeye njo pilipili yenye kutembea. Komanda, usinicheke. Akikatala mimi nitakufa."

Komanda alijifuta machozi, akakunja jani. "Amuka basi. Leo tunamulaza mulinzi."

Franck alisimamisha gari, akashikilia kidole. Taa ikawaka, ikabaki. Akazunguka uwanja, akaingia konani, akakanyaga mafuta, na safari hii hakuna aliyemshika sikio. Mkia ukaondoka! Ukaondoka na roho yake!

"Usiguse freni! Usukani kule mukia unaenda! Mafuta polepole! Macho kwa njia, si kwa ule muti!"

Mikono ikakimbia, gari likalala ubavu, likaelea, likachora nusu ya uwanja kwa ulaini wa siagi. Franck akapiga vigelegele vya kike. Komanda akapiga vikubwa zaidi, akigonga dashibodi kwa viganja viwili. Mbuzi wa jirani wakatoroka. Wakazunguka tena, na tena, mpaka Franck akawa anacheka bila sauti, machozi tu, hajui amewahi kufurahi hivyo lini.

Waliposimama, Komanda alibonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe. Taa ikazimika.

"Kwa njia ya Kampene utamuacha mulinzi macho kila siku. Tumemulaza hapa ili mikono yako ijue kazi yake. Lakini sikia: ukiingia kona na mwendo wa kijinga, hata yeye atakusindikiza tu mu mutoni. Tumezika wengi."

"Ndiyo, Komanda. Na utaniombea kwa ule mama?"

"Nitakuja siku ya kuleta mbuzi ya mahari. Nitasema mbele ya wote."

Siku ya mbuzi Franck alipiga magoti katika ua wa akina Bénie, mtaa wa Alunguli, shati jeupe, kichwa chini, mbuzi akimtafunia mkono wa shati. Mbele yake shangazi wawili walishika kitenge kama pazia. Nyuma ya pazia hilo, kwa desturi, aliketi mama mkwe, asionane na mkwewe.

Mzee Masudi, mjomba wa Bénie, akakohoa. "Kijana, tulikuambia sharti. Komanda wako iko wapi?"

Franck akainua macho kidogo. Akatafuta upande wa wanaume, akatafuta upande wa wanawake, akatafuta hadi mlangoni. Hayupo! Moyo wake ulivunjika palepale, mbele ya mbuzi na watu.

"Alisema atakuja," akanong'ona. "Mzee, naapa, alisema atakuja."

Bénie akaangua kicheko, akashindwa kujizuia, akaegemea ukuta. Shangazi wakaachia kitenge.

Komanda alikuwa ameketi kwenye kiti cha mama mkwe, kilemba cha kitenge kichwani.

"Kijana anayajua matope, na mbuzi nimeipokea," akasema. "Sasa, mukwe wangu, kimbia."