Mkono Mzima

"Kadi hii imetumika wiki mbili zilizopita," alisema dada wa dirisha la bima, macho yake kwenye kompyuta. "Mtoto alivunjika mkono wa kushoto, akafungwa piopi. Piopi yenyewe iko wapi?"

Sote tukautazama mkono wa mwanangu Khairiya. Ulikuwa mzima, mwembamba, umejaa alama za sindano.

Khairiya alizaliwa na mwili usiotengeneza kinga. Kila mwezi tunatoka Mafia kuja Dar es Salaam atiwe dawa yake kwa dripu, na bila bima hatuipati. Aliyevunjika mkono ni mtoto wa dada yangu. Wamefanana kama mapacha, ila yule hana bima. Kadi niliitoa mimi mwenyewe, wala hakuna aliyenilazimisha.

"Mama, nakuuliza."

Nikisema kweli, kadi inafungiwa leo hii.

"Niliivua mwenyewe," Khairiya akasema. "Ilikuwa inawasha."

Sikumfundisha uongo huo. Ana miaka minane.

Yule dada akatoka nyuma ya dirisha, akachuchumaa mbele yake, akaushika mkono na kuubonyeza taratibu chini ya kiwiko. "Hapa panauma?"

Khairiya alinitazama mimi kwanza. Wodini manesi wote humsifu mtoto huyu, maana tangu aanze dawa hajawahi kulia kwa sindano hata siku moja.

Akaanza kulia.