Jiko Linalojua Tarehe

Siku hizi jiko la nyumba huzimika mwanamke wa humo akifikia tarehe ya kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, na haliwaki tena mpaka apimwe. Letu lilizimika Jumanne, zamu ya Mwanakombo, mke wa mwanangu. Ugonjwa huo ulimuua mama yake.

"Mama, naogopa majibu. Na kuvua nguo mbele ya mgeni, siwezi."

"Basi tutatafuna mihogo mibichi mpaka uweze."

Alicheka, tukaenda kliniki. Muuguzi alimpa kijiti chenye pamba ajichukulie sampuli mwenyewe nyuma ya pazia, na mimi akanivutia kiti. Majibu yalitoka siku hiyo hiyo: salama. Mwanakombo alinishika mkono njia nzima.

Tulipofungua mlango, jiko lilikuwa linawaka, na hatukuwa tumemwambia mtu. Chai ilikuwa tamu sana. Ila mambo yetu ya kike sasa tunayazungumzia uani, jiko lisitusikie.