Feri ya Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi, ukuta wa Jepkosgei ulinuka mzoga.

Harufu ilipenya kwenye nyufa za mbao, ikakaa kwenye mapazia, ikaingia hata ndani ya chai. Jepkosgei alikuwa mjamzito, na nyumbani kwao Cheptiret samaki hakuwahi kupita mlangoni. Aliweka ndoo karibu na kitanda, akaiinamia.

"Ni wale wazee waliotoka Likoni, Mombasa," alisema Kituyi, mtunzaji wa ploti yao ya nyumba za kupanga, akiwa amejiziba pua kwa kola ya shati. "Mwenye ploti amechoka. Wengine wote wamelalamika. Umebaki wewe tu, na wewe ndiye unayepakana nao ukuta. Sema neno moja, Jumatatu wanatoka."

"Neno liko hapa kooni, Kituyi. Linangoja nimalize kutapika."

Kituyi akacheka. Lakini Jepkosgei alikuwa amelelewa vizuri. Kwao, mtu hasemwi kwa mwenye nyumba kabla hajaambiwa usoni. Alijifunga leso, akaenda kubisha.

Mama Perez alifungua, na Jepkosgei akarudi nyuma bila kutaka. Jikoni ilichemka sufuria ya papa, yule samaki mkavu wa chumvi aliyeletwa na basi kutoka Mombasa. Povu la kijivu lilimwagikia makaa na kuungua. Sakafuni palikuwa na mchanga. Katikati ya mchanga aliketi mumewe, Mzee Ondiek, kipofu, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu ndani ya karai. Mama Perez alikuwa akiyatia chumvi maji ya karai kutoka pakiti kuukuu ya maziwa ya Nyayo. Paka wa ploti walikuwa wamejilaza chini ya kiti cha mzee, wanono kama paka wa hoteli.

"Nani huyo?" mzee aliuliza.

"Jirani, Baba."

"Bi Mwanaisha wa Likoni?"

"Eeh, Bi Mwanaisha. Tunavuka naye leo." Mama Perez alimkonyeza Jepkosgei. Kisha akachukua vikombe viwili vidogo, akavigonganisha, ka-ka-ka, na kuikaza sauti kama mwanamume muuza kahawa. "Kahawa! Kahawa chungu!"

"Huyu naye hapumziki!" Mzee alicheka. "Na feri je?"

"Inakuja. Imejaa watu wa harusi, bibi harusi mwenyewe amekosa pa kukaa!"

Uso wa Mama Perez uling'aa kama wa msichana.

"Basi fungeni huo mlango," mzee alisema. "Baridi inaniingia."

"Ni upepo wa bahari tu, Baba," Mama Perez akasema upesi, akaufunga.

Harufu ikawa nzito kama blanketi lililoloa. Mama Perez alimvuta Jepkosgei pembeni na kumnong'oneza.

"Alifunga kamba za feri maisha yake yote. Macho yalipokwisha tukaja hapa Eldoret, tuwe karibu na kijana wetu Isaiah wa kiwandani. Halafu mzee akashikwa na homa. Alipoamka aliniuliza kama feri imefika. Akili ilibaki kule, mwanangu. Ningemwambia nini? Nikamwambia inakuja."

"Na huyu samaki, Mama?"

"Ai! Mimi ni mtu wa ziwa, nataka ngege mbichi. Huyu akinipita kooni natokwa na jasho. Lakini yeye anamaliza sahani. Nimnyime?" Akamshika Jepkosgei mkono. "Najua Kituyi amekutuma. Kama ni kuhama, tutahama. Lakini nyumba mpya hataijua. Hapa angalau choo anakifikia mwenyewe kwa kupapasa ukuta."

"Bi Mwanaisha!" Mzee alinyoosha mkono. Vidole vyake vilikuwa vimeshika kipande cha papa, mafuta yakimtiririkia kiganjani hadi kwenye mkono wa sweta. "Kula, mama. Mgeni hakai bure."

Jepkosgei alikitazama. Kilikuwa na nyuzi za njano na ngozi iliyokwaruza kama msasa. Alikipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Kililainika mdomoni mwake kama kitambaa cha kupangusia meza. Alibana pumzi, akameza, na kikataka kurudi, akameza tena.

"Tamu," alisema, machozi yakimlenga.

Mama Perez akampangusa kidevu kwa ncha ya leso yake mwenyewe.

Nje, Kituyi alikuwa akingoja, redio yake ndogo begani.

"Haya, nimwambie nini mwenye ploti?"

"Mwambie sinusi kitu. Nina mafua."

"Mafua? Na asubuhi ulikuwa..."

"Kituyi, nina mafua!"

Akamwacha ameduwaa, akakimbia nyuma ya nyumba. Hapo, kando ya sukuma wiki zake, alitapika.

Alipoinua kichwa, alimwona Mzee Ondiek akija polepole, mkono mmoja ukipapasa ukuta, mwingine umeshika sahani. Mchanga ulikuwa bado umemganda miguuni. Paka wote walimfuata mkia juu. Mzee aliinama, akamwaga papa wote chini, na wakaanza kugombania.

Jepkosgei alijaribu kujizuia asisikike, lakini akatapika tena.

"Pole, Jepkosgei," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Hata mimi huyu samaki amenishinda."

Ndani ya nyumba vikombe viligongana, ka-ka-ka. "Baba! Feri imefika!"

"Naja! Isiniache!" Mzee aliita, akijipangusa vidole kwa jani la sukuma wiki. Kisha akamgeukia Jepkosgei. "Usimwambie. Tangu tuje Eldoret hakuwa amecheka, mpaka siku ile nilipomuuliza kama feri imefika."