Baiskeli na Miguu Tu

Kioko alijaribu kufunga kamba ya kaptura kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu vidole vikamkatalia. Mbele yake maji ya Kilifi yalikuwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko. Ng'ambo, kule alikotakiwa kufika akiogelea, watu walionekana wadogo mno.

"Mwalimu, mbona leo pamekuwa mbali hivi?"

"Ni pale pale," akasema Mwalimu Masha, aliyemfundisha kuogelea tangu Januari na ambaye leo ndiye msimamizi. "Ni moyo wako tu unaopiga ngoma. Vuta pumzi."

Mashindano yenyewe yalikuwa ya kujipima tu kabla ya yale makubwa ya Mombasa: kuvuka maji, halafu baiskeli mpaka Tezo na kurudi, halafu kukimbia mpaka Kibarani. Daraja lilikuwa halijajengwa bado. Wenye akili zao walivuka kwa feri. Pravin, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, alijinyoosha na kupiga miayo kana kwamba anangoja chai. Baiskeli haikumtisha Kioko. Kukimbia ndiko usiseme, kwani alikulia milima ya Machakos. Ni maji, jamani.

Miaka miwili nyuma alisimama ukingoni mwa mto Sabaki akimtazama shemeji yake, Musyoka, akichukuliwa na mafuriko. Hatua kumi tu kati yao, labda kumi na mbili. Kioko hakujua kuogelea, basi akasimama pale kama kigingi na kupiga kelele. Baada ya mazishi mkewe, Nduku, alimshika viganja vyote viwili, akavibana, akamwapisha asiingie tena kwenye maji yanayopita magoti. Akaapa. Wewe ungefanya nini mbele ya mwanamke aliyemzika kaka yake wa pekee?

Lakini kelele zile hazikumtoka masikioni. Ndipo kila Jumatatu na Jumatano, akitoka kazini kwenye kiwanda cha korosho, akawa anajiiba kwenda kwa Mwalimu. Alipoomba aongezewe siku, Mwalimu alikataa. "Nina mwanafunzi mwingine, mwoga kuliko wewe. Siku ya kwanza maji yalimfika magotini akatapika. Lakini hakosi, na sasa amekupita."

Kioko aliumia kusikia hivyo, akakazana. Na alikuwa mwerevu, au alijiona mwerevu. Alijisuuza bombani asibaki na chumvi mwilini, akakaa kivulini mpaka nywele zikauke na macho yapoe, ndipo akaenda nyumbani kusimulia habari za baiskeli.

Kilichomuuma zaidi ni Nduku mwenyewe. Tangu Pasaka alikuwa akienda maombi ya akina mama kila Alhamisi, na kila Alhamisi alirudi hoi, macho mekundu, hana hamu hata ya kula. Siku moja alimkuta uani ameinamisha kichwa, akijigonga sikio kwa kiganja.

"Kuna nini, Mama Jedida?"

"Sikio tu."

Sikio gani! Analia, Kioko aliwaza. Bado anamlilia Musyoka, na mimi huku ninamdanganya. Alitaka kumwambia kila kitu palepale, ila akaishia kumletea maji ya kunywa.

Na asubuhi hii, akifunga kitambaa chake cheupe cha kanisa, Nduku alimkazia macho.

"Baba Jedida. Ni baiskeli na miguu tu, sivyo?"

"Baiskeli na miguu tu."

"Haya." Akachukua kikapu akatoka mapema, ati zamu yake ya kufagia kanisa.

Ile "haya" ilimkaa Kioko kifuani kuliko uji aliokunywa. Akizama leo, Nduku atazika mtu wa pili, tena mwongo. Bado kulikuwa na nafasi ya kuvaa viatu na kurudi nyumbani. Alivitazama viatu vyake pale mchangani kwa muda mrefu.

"Sikilizeni!" Mwalimu alipaza sauti. "Wasiozoea maji hawavuki peke yao. Kila mmoja ana msindikizaji wake, ataingia nyuma yake na tyubu ya gari. Usigeuke kumtafuta. Tazama ng'ambo."

"Wangu ni nani?" Kioko akauliza.

"Mtu aliyejitolea mwenyewe. Nenda."

Kipenga kikalia. Pravin na wenzake wakajitupa, maji yakaruka. Kioko akaingia taratibu, macho ng'ambo. Maji yakafika magotini. Yakapita. Basi, kiapo kimevunjika, tena kweupe mbele ya watu. Yakafika kiunoni, na miguu ikagoma. Akasimama kama siku ile ya Sabaki, hawezi kwenda mbele wala kurudi.

Nyuma yake akasikia mtu akiingia majini, pumzi fupi fupi. Kisha mkono ukakishika kiganja chake, ukakibana.

Kioko akageuka. Tyubu ilikuwa imefungwa kiunoni kwa kitambaa cheupe cha kanisa.

"Baiskeli na miguu tu," akasema Nduku, meno yakigongana kwa woga. "Haya, Baba Jedida. Ogelea."