Feni ya Bi Mkubwa

Chokaa ilimwingia fundi Wenceslaus jichoni, na Batuli, badala ya kumletea maji anawe, akamwambia aendelee kugonga.

"Jicho jingine si unalo," alisema.

Fundi akagonga. Alikuwa amesimama juu ya meza, akilipapasa kwa nyundo dari la zege lililorushiwa chokaa likabaki na vipele tupu. Alikuwa akitafuta ndoano. Mwarabu aliyeijenga nyumba hii ya mtaa wa Ng'ambo, kabla haijataifishwa na kupangishwa watu wengine, alipenda kutundika taa za karabai, na zege lilipomwagwa mafundi wake walizamisha ndoano za chuma humo humo darini. Feni ni nzito. Bila chuma kilichokamatwa na zege, Wenceslaus hatundiki kitu.

Chini yake walisimama mume na wake zake wawili, na hakuna aliyemtazama mwenzake kwa jicho jema. Mume ni Shomari, msimamizi wa ghala la tumbaku, mtu mnene asiyeliweza joto. Joto la mwezi wa kumi lilikuwa adui yake mkubwa, naye alipigana nalo kwa mikono ya wake zake. Mwenye zamu alikaa kitandani na upepeo wa ukindu, akampepea mpaka akorome. Akisinzia, aliamshwa kwa kiwiko. Batuli, mke mkubwa, kazi hiyo aliianza kabla ya Uhuru, na sasa bega lake la kulia lilimuuma hata akichana nywele.

Ndipo Shomari akapata feni kwa Mhindi mmoja aliyefunga duka na kuhama nchi. Akatangaza mezani, mdomo umejaa wali, kwamba feni ni moja na yeye ni mmoja, kwa hiyo chumba kitakachopata feni ndicho atakacholala kila siku. Zamu basi.

Nyumba ikawaka moto. Batuli alisema feni ni haki yake, yeye ndiye bi mkubwa. Siku Shomari alipokuwa kwa mke mdogo, alijifungia chumbani kwake akapaka chokaa upya, kuta na dari, ili kuipokea feni. Alitoka na kichwa cheupe na kidole gumba kimefungwa kitambaa. Kuluthumu, mke mdogo, aliwaambia majirani kwamba bibi kizee amejipodoa anasubiri kuolewa tena.

"Hapa hakuna ndoano, mama," fundi alisema mwishowe.

"Ipo. Tafuta."

Fundi akamwuliza Shomari kama aliwahi kuiona. Shomari akajibu kwa hasira kwamba yeye chumbani hulala, hatazami dari. Kuluthumu asingeweza kujua, chumba kile alikuwa anakikanyaga kwa mara ya kwanza, na alikuja kuona mwenzake akiaibika.

"Basi toboa," Batuli alisema.

Wenceslaus akaeleza kwamba zege hili la zamani likipigwa tindo linamomonyoka. Feni inaweza kushika mwezi, ikashika hata miwili, lakini siku ikiachia itashuka na mapanga yake. Aliposema hivyo alikitazama kitanda, kilichosogezwa kando kupisha meza.

"Itamwangukia anayelala katikati," Batuli alisema. "Mimi kila siku nabanwa ukutani. Toboa."

Shomari alimtazama mkewe kama anayemwona leo. Jasho lilikuwa likimchuruzika shingoni. Akamwuliza kama anataka afe. Batuli akajibu kwamba anataka haki yake, akaiokota tindo akamnyooshea fundi. Shomari akampokonya.

"Kwa Kuluthumu," alimwambia fundi. "Na huku sirudi."

Kwa Kuluthumu fundi hakuhitaji hata kugonga. Ndoano ilijitokeza katikati ya vipele, nyeusi kwa kutu, yenye nguvu ya kubeba ng'ombe. Kuluthumu akapiga kigelegele mpaka mtaa wa pili ukasikia. Kabla ya adhuhuri feni ilikuwa inazunguka, naye amesimama mlangoni akiangalia upande wa pili wa ua.

"Bi mkubwa, joto likikuzidi njoo uchungulie," alisema.

Batuli akatema mate. Akasema, fundi akiwa shahidi, kwamba mume anayelala penye feni na nguo zake zikae penye feni. Akaanza kuzitupa uani: kanzu, viatu, mto, na mwisho upepeo wa ukindu. Shomari akaapa kwamba hata Batuli aje kumlilia kwa magoti, chumba kile hakikanyagi tena. Kuluthumu aliziokota nguo moja moja, akizikung'uta kwa furaha. Upepeo aliusukuma kwa mguu. Wa kazi gani tena?

Baada ya chakula Shomari alijilaza chini ya feni, kifua wazi. Hakupata hata nusu saa. Umeme ukakatika, kama ulivyokuwa ukikatika siku zile, na redio zote za Ng'ambo zikanyamaza kwa pamoja.

"Kuluthumu," sauti ilisikika kutoka ndani. "Upepeo."

Mke mdogo akatoka kwenye jua kali, akainama kuutafuta vumbini.

Batuli alimtazama kupitia dirishani mpaka alipouokota na kurudi ndani. Kisha akafunga mlango kwa komeo, akajinyoosha katikati ya kitanda chake. Kitu kikamchoma ubavuni. Akaingiza mkono chini ya godoro, akaitoa ndoano ya chuma, nyeusi kwa kutu isipokuwa pale ulipopita msumeno, akaitupia mvunguni na kulala.