Semina ya Shimo Moja

Habari hii hakuna anayeijua kunishinda, basi tulieni niwape.

Ngiri na Nungunungu waligombania shimo. Nungunungu aliwahi kuingia, akaziba mlango kwa miiba, na watoto wa Ngiri wakawa wanalala nje huku masika yanakaribia. Ndipo Korongo na Heroe, ndege wawili wa chama cha kujitolea, wakaja kuwapa semina ya amani.

"Sheria ni moja," akasema Korongo. "Kabla hujajibu, rudia alichosema mwenzio, mpaka akubali kuwa ndivyo."

"Nirudie maneno ya huyu pua jembe?" akafoka Nungunungu.

"Na mimi ya huyu fagio?" akasema Ngiri.

Semina ikafungwa bila suluhu, ikabaki picha ya pamoja. Korongo akataka kusimama katikati, eti yeye mwenyekiti. Heroe naye akataka katikati, eti yeye mzuri. Wakaanza kupigana mabawa, Heroe akilalamika kwa sauti.

"Mzee Korongo," akaingilia Ngiri, "hebu rudia alichosema mwenzio."

Korongo akazidi kumsukuma Heroe. Hakuwa amesikia hata neno.

"Amesema umemkanyaga," Nungunungu akamsaidia.

"Na kwamba kila semina unamficha nyuma," akamalizia Ngiri.

Mahasimu wa shimo wakatazamana, wakaangua kicheko. Mara mvua ikashuka. Walimu wakabaki nje wakisukumana. Nungunungu akawapisha Ngiri na watoto waingie shimoni.

"Bwana Nungunungu, miiba yako igeuzie ukutani."

"Umesema miiba yangu niigeuzie ukutani?"

"Ndivyo."

Nungunungu akageuka, na watoto wakalala pakavu.